Dogo, usigawe sentimita za ujazo kwa 100!

Futa hiyo hesabu kwanza, ndio uendelee kusoma.

Umeuliza mambo manne: densiti (tungamo gawa kwa ujazo) kutoka gramu kwa sentimita ya ujazo kwenda kilo kwa mita ya ujazo, mwendo kutoka kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde, kama ni lazima ukariri jedwali la maikro na nano, na kalkuleta gani ununue kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Lakini mimi nimekwama kwenye mstari ulioutupia katikati kana kwamba si kitu: "350 cm³ nagawa kwa 100 napata 3.5 m³, hapo niko sawa." Hauko sawa, mdogo wangu. Nimeusoma nikasikia tumbo linanikata, maana mstari wa namna hiyo ndio ulionirudisha nyuma mwaka mzima.

Swali langu lilikuwa la jiwe. Limechorwa likining'inia kwenye mizani ya springi, limezama kwenye mafuta. Tungamo 540 g, ujazo 200 cm³, densiti ya mafuta 800 kg/m³. Utafute densiti ya jiwe, kani ya mafuta inayolisukuma juu, na mizani itasoma ngapi. Gramu nikazigeuza vizuri, 0.54 kg. Ujazo nikagawa kwa 100, nikaandika 2 m³ kwa mwandiko mzuri kabisa. Densiti ikatoka 0.27 kg/m³. Hewa tunayovuta ina kama 1.2 kg/m³, yaani nilikuwa nimeandika jiwe jepesi kuliko hewa. Kipengele cha pili: densiti ya mafuta 800 mara ujazo 2 mara 10 ya mvutano wa dunia, nyutoni 16,000. Cha tatu: uzito wa jiwe hewani ni nyutoni 5.4, toa 16,000, inakuja hasi 15,994.6. Ile alama ya kutoa naiona mpaka leo. Niliikodolea macho, msimamizi akatangaza dakika kumi zimebaki, nikanakili namba bila alama nikahamia swali jingine.

Majibu ya kweli ni haya: ujazo 0.0002 m³, densiti 2,700 kg/m³, kani nyutoni 1.6, mizani inasoma nyutoni 3.8. Ona jinsi kosa moja la mstari wa kwanza lilivyobeba vipengele vyote vitatu. Fomula nilizijua zote!

Na haikuishia hapo. Kwenye mtihani wa vitendo tulipewa waya wa kipenyo cha 0.4 mm. Eneo la mkato wake ni kama 0.126 mm². Nikagawa kwa 1,000, wakati milimita za mraba kwenda mita za mraba unagawa kwa 1,000,000. Jibu la mwisho likapotea mara elfu moja. Matokeo yakatoka, fizikia F. Chuo cha ufundi nilichokuwa nakitaka kilihitaji angalau D. Nikarisiti. Ada ya mtihani, nauli, tuisheni upya, na mama aliuza mbuzi wawili. Wenzangu niliomaliza nao walikuwa wameshaanza chuo, mimi bado nabeba daftari la kidato cha nne.

Sasa huyo aliyenifundisha kugawa kwa 100. Alikuwa mwalimu wa tuisheni, chumba kimejaa watu sitini, kila mmoja kalipa. Alichora ile ngazi mnayoijua: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Ukipanda gawa kwa 10, ukishuka zidisha kwa 10. Ngazi haina kosa lolote, kwa urefu. Ila siku aliyofika kwenye ujazo alituambia "ngazi ni ile ile" akageuka kufuta ubao. Ngazi si ile ile! Kwenye eneo kila kipandio ni 100, kwenye ujazo kila kipandio ni 1,000. Kutoka sentimita kwenda mita ni vipandio viwili, kwa hiyo ujazo unagawa kwa 1,000 mara mbili, yaani milioni moja. Sentensi moja tu ilikuwa inatosha. Nilimwuliza mbona kitabu kinasema milioni, akanijibu nisichanganye wenzangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata F yenyewe. Walimu wazuri wa fizikia mlioko humu msininunie, nyie siwasemi.

Kwa hiyo nakupa kanuni moja, ishike kama namba ya simu ya nyumbani: kizio (ile cm, kg au m inayofuata namba) hakiachwi nyuma, kinaandikwa kwenye kila mstari na kinahesabiwa kama namba. Usikariri ugawe kwa ngapi. Andika 1 cm = 0.01 m, halafu popote penye "cm" weka "0.01 m" ndani ya mabano, na kile kitatu kidogo cha juu kikae nje ya mabano. 350 cm³ inakuwa 350 × (0.01 m)³. Kitatu kinaila 0.01 pamoja na m, si m peke yake. 0.01 mara 0.01 mara 0.01 ni 0.000001. Jibu 0.00035 m³. Densiti yako ni hivyo hivyo: 1 g/cm³ ni kilo 0.001 gawa kwa mita za ujazo 0.000001, inatoka 1,000 kg/m³. Na mwendo: 72 km/h ni mita 72,000 kwa sekunde 3,600, yaani 20 m/s. Ni kazi ile ile.

Ukimaliza, jipime kwa ndoo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, ndoo 50 za lita 20. Ndiyo yuniti moja ya maji kwenye bili ya nyumbani kwenu. Hizo 3.5 m³ zako ni ndoo 175. Sasa 350 cm³ ni maji ya glasi moja na nusu hivi. Ungeziona ndoo 175 zimepangwa uani, usingeandika hivyo.

Usidhani ni mambo ya watoto wa shule. Tarehe 23 Julai 1983 huko Kanada, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani. Vipimo vya mafuta vya ndege vilikuwa vimeharibika, wakapima tangi kwa kijiti, wakapata lita 7,682. Ili kuzigeuza kuwa kilo wakazidisha kwa 1.77. Namba hiyo ilikuwa ya pauni kwa lita. Ya kilo ni kama 0.8. Haikuwa na kizio pembeni, imekaa tupu kwenye karatasi, na watu wazima wenye leseni wakaiamini. Kwa hesabu hiyo mafuta yakaonekana mengi kuliko yaliyokuwemo: walihitaji kuongeza lita 20,000 hivi, wakaongeza chini ya 5,000. Injini zote mbili zikazimika. Rubani Robert Pearson akaielekeza ndege bila injini mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, hakufa mtu.

Mimi sasa nafunga pampu za visima. Pampu moja imeandikwa mita za ujazo kwa saa, mteja anataka lita kwa sekunde, na kila siku naandika ile ile: lita 1 kwa sekunde ni lita 3,600 kwa saa, ni 3.6 m³ kwa saa. Vizio vyote vipo, hata kama naandika kwenye boksi la pampu.

Leo usiku kabla hujalala fanya lile swali langu la jiwe, ila badilisha mafuta uweke maji ya 1 g/cm³. Piga picha daftari uiweke hapa, mstari kwa mstari. Nitaangalia vizio kabla ya majibu.