FUNDI ANAJIBU: Mita inadanganya, je niitupe?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za mita, hizi za mafundi za kupimia volti na ohm, na nyingi zinatoka huku huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake kuna pesa ya mtu na jina la fundi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni kijana niko Mwanjelwa hapa Mbeya, natengeneza redio, sabufa na sola ndogo ndogo. Mita yangu ni zile za njano za bei ya chini, huu mwaka wa pili. Wiki iliyopita nimepima betri ya sola ya mteja ikasoma 14.9 wakati kontrola inayosimamia chaji ya betri inaonyesha 12.8, nikamwambia kontrola yako imekufa, akanunua nyingine, tumefunga mpya nayo inaonyesha 12.8 vilevile. Jana nimeweka kwenye soketi ya geto ikasoma 268, jirani akaleta mita yake ikasoma 230. Cha ajabu rezista ya 1k, yaani ohm 1,000, nikiipima inasoma 998, yaani iko sawa kabisa. Mteja amerudi anataka hela yake na ananiangalia kama mwizi. Niitupe hii mita au inatengenezeka? Na nikinunua nyingine niangalie nini?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Kabla ya mita nianze na mteja, maana yeye hawezi kusubiri. Mwambie ukweli kwamba mita yako ilisoma vibaya na kontrola yake ya zamani ni nzima, mrudishie ile ya zamani, na hiyo mpya ongea na mwenye duka kama anaweza kuipokea, akikataa basi chukua wewe umuuzie mteja mwingine. Itakuuma mfukoni ila Mwanjelwa watu wanaongea, na fundi akishaitwa tapeli hata kazi nzuri haimsafishi haraka.

Sasa mita. Barua yako imenifurahisha kwa kitu kimoja, umeandika namba, wengi wananiambia tu "mita haisomi vizuri" halafu nibaki nakisia. Chukua 14.9 gawanya kwa 12.8 unapata 1.16. Chukua 268 gawanya kwa 230, unapata 1.17, ni kitu kilekile. Yaani mita inazidisha kila volti kwa kiasi kilekile, iwe umeme wa betri au wa ukutani, renji ndogo au kubwa. Ingekuwa ni waya mbovu au swichi chafu namba zingerukaruka, leo hivi kesho vile. Na rezista za ndani zikiungua mara nyingi inaharibika renji moja au mbili, nyingine zinabaki nzima. Kosa likiwa na uwiano mmoja kila mahali mkosaji ni mmoja tu, rifarensi, yaani volti ya ndani ambayo mita inalinganishia.

Nieleze kidogo maana hapa ndipo mafundi wengi tunapita haraka. Mita za namna hiyo ndani zina chipu ya familia ya ICL7106. Haipimi volti moja kwa moja, inalinganisha volti unayoipa na volti yake ndogo ya ndani ambayo inatakiwa isiyumbe. Ni kama fundi cherehani na futi yake. Ile volti ya ndani inatoka kwenye betri ya volti 9, na chipu inaweza kuishikilia vizuri mradi betri iko juu ya kama volti 7 hivi. Ikishuka chini ya hapo rifarensi nayo inashuka, yaani futi inasinyaa, na ukimpima mtu kwa futi iliyosinyaa ataonekana mnene kuliko alivyo. Ndiyo maana mita ikiishiwa betri namba zinapanda, hazishuki kama wengi wanavyodhani. Ile alama ya betri kwenye kioo usiitegemee, kwenye mita nyingi za bei ya chini inachelewa kuwaka au haipo kabisa.

Na rezista kwa nini ilisoma sawa? Kwa sababu kwenye ohm chipu inalinganisha rezista yako na rezista ya ndani ya mita, na zote mbili zinapitiwa na mkondo uleule. Betri ikishuka zinashuka pamoja, uwiano unabaki palepale. Kwa hiyo ukikuta ohm ziko freshi na volti zote zimepanda, usianze kufungua chochote, nunua betri ya tisa kwanza, ya alkalini, sio zile nyepesi ambazo zimekaa dukani miaka. Kabla hujaitupa ya zamani ipime na mita ya jirani. Sitashangaa ikisoma 6 na kitu.

Ukiweka betri mpya na bado inasoma juu, ndani kuna kipotensho kidogo cha kurekebisha, kimeandikwa VR1 kwenye bodi nyingi. Chomoa waya za mita kwanza ndipo ufungue. Na usikiguse kama huna kitu cha uhakika cha kulinganisha nacho, maana ukikizungusha kwa kukisia utakuwa umeharibu mara mbili. Kitu cha uhakika unacho hapo hapo kibandani, hujui tu. Tafuta TL431, kichipu kinachoshikilia volti moja isiyoyumba, kwenye chaja au pawasaplai mbovu, mara nyingi iko karibu na optokapla, kile kichipu kinachopitisha ishara kwa mwanga. Zile za miguu mitatu zenye umbo la transista ndogo, unga pamoja miguu miwili ya pembeni, halafu ipelekee volti 5 za chaja ya simu kupitia rezista ya 1k, mguu wa kati uende negativu. Kati ya miguu ya pembeni na wa kati unatakiwa usome karibu volti 2.495. Zile za kawaida zinaweza kwenda kati ya 2.44 na 2.55, zenye herufi A au B kwenye jina ni bora zaidi. Kwa kazi zetu za redio na sola hiyo inatosha kabisa. Ichomee kwenye kipande cha bodi ibaki kuwa mzani wako.

Mzee aliyenifundisha kazi pale Soweto ya Mbeya alikuwa hana TL431, alikuwa na betri ndogo moja mpya ya redio ameifunga kwenye karatasi, na kila asubuhi kabla hajagusa kazi ya mtu anaipima. Ikisoma 1.6 na kidogo anaendelea, ikisoma 1.8 anaweka mita chini. Nilikuwa naona anapoteza muda. Leo nikisoma barua kama yako namkumbuka.

Kuhusu kuitupa: kama betri mpya imeirudisha, usiitupe, ibaki ya pili. Fundi anahitaji mita mbili, maana moja ikidanganya hakuna wa kuikosoa. Itupe kama swichi ya kuzungusha imelegea namba zinabadilika ukiigusa na kuisafisha kwa spiriti hakujasaidia, au kama ndani kuna mahali palipoungua pakawa peusi. Waya zake ni kitu kingine, weka ohm 200, gusanisha ncha, isome 0.2 mpaka 0.5 hivi, halafu zikunje kunje pale zinapoingia kwenye mkono. Ikiruka, badilisha waya tu, mita haina kosa.

Ya kununua nimeieleza kwenye barua ya Makete hapo chini.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tukuyu. Mita yangu asubuhi namba zinatokea nusu nusu, jua likitoka zinarudi. Betri ni mpya. Ndaga.

JIBU: Marahaba. Kwa mvua za Rungwe sishangai, unyevu umeingia. Kioo kinaunganishwa na bodi kwa kamba laini ya mpira yenye mistari, na mpira huo ukipata uchafu au unyevu baadhi ya vistari vya namba havipati umeme. Fungua, toa kioo taratibu, futa ule mpira na pale unapokaa kwenye bodi kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, acha ikauke kabisa, kaza skrubu zake sawasawa. Halafu ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, usiiache sakafuni.

Ila usiendelee kuitumia kabla hujaifanyia hivyo, tafadhali. Kistari cha katikati kikipotea 8 inakuwa 0. Betri ya 12.8 iliyojaa utaisoma 12.0, utamwambia mtu betri yake imeisha. Na ile 1 ya mbele ikipotea 14.9 inakuwa 4.9.

SWALI: Fundi, mimi nafunga umeme majumbani huku Makete, kazi nyingine zinanifikisha mpaka Kitulo. Nataka ninunue mita mpya, muuzaji ananionyesha imeandikwa CAT III 600V anasema hii ndiyo ya umeme wa nyumba. Ni kweli?

JIBU: Maandishi ndiyo yenyewe kaka. CAT ni daraja la usalama la mita: CAT II ni ya vitu vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni ya waya na bodi ya umeme ya nyumba, CAT IV ni kule umeme unakoingilia kwenye mita ya umeme ya nyumba na nguzo. Shida ni kwamba kuandika ni rahisi. Mwombe muuzaji akufungulie mfuniko wa nyuma, akikataa nenda duka jingine. Uone fyuzi nene za kauri, sio kifyuzi kidogo cha kioo. Na tundu la 10A likiwa limeandikwa halina fyuzi, iache hapo hapo dukani. Ukisahau waya mwekundu kwenye tundu hilo halafu ukapima soketi, umefanya shoti kwa mikono yako na hakuna cha kuikata ndani ya mita.

Halafu kwako kuna jambo ambalo mtu wa Dar hahitaji kuliwaza. Soma kitabu cha mita, nyingi zimeandikwa kutumika mpaka mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kitulo iko kama 2,600. Huko hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi haizuii umeme kuruka vizuri kama hewa nzito, kwa hiyo nafasi zilizoachwa ndani ya mita zinakuwa kama zimepungua. Chukua ya daraja la juu kuliko unayohitaji, CAT III 1000V au CAT IV 600V.

Na ukizima umeme ili ushike waya, pima kwanza soketi unayojua ina umeme, halafu pima waya uliozima, halafu rudi kwenye ile soketi ya kwanza. Kama safari ya tatu haisomi, mita imekufia mkononi katikati ya kazi na ile sifuri uliyoiona haina maana, usishike kitu.