Mwalimu, mtoto ana haki: mvua pia ni miaka

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la sita hapa Bariadi. Niliwapa watoto insha ya "Mzee ninayemheshimu", na mmoja akaandika: "Babu yangu ana mvua themanini na bado anachunga ng'ombe." Nikapiga mstari mwekundu. Mwenzangu wa ofisini ananiunga mkono, anasema mvua kwa maana ya miaka ni lugha ya jela na mtoto ameiokota kijiweni. Sasa mzazi amekuja juu. Nani ana haki? (Mwalimu, Bariadi)

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mtoto ana haki. Mrudishie alama zake, na ikiwezekana sentensi hiyo uisome mbele ya darasa, maana ni Kiswahili kizuri sana.

Najua shaka yako imetoka wapi. Aliyekua akisoma magazeti yetu amelizoea neno hili kwenye vichwa vya habari vya mahakamani: "Jela mvua 30". Hiyo 30 nayo ina sababu. Tangu ipitishwe sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima akipatikana na hatia ya kubaka huanzia kifungo cha miaka 30. Basi hukumu zikawa zinafanana, na vichwa vya habari vikafanana. Msomaji akisikia mvua ikifuatwa na tarakimu, anaona lango la gereza. Inanisikitisha, kwa sababu neno lenye heshima limefungwa pamoja na wahalifu.

Tazama kwa majirani. Katika Kilingala, mbula ni mvua na mbula ni mwaka. Ukitaka kumuuliza mtu umri wake, unamuuliza ana mbula ngapi, na hakuna anayefikiria jela. Na mbula hiyo ndiyo mvua yetu. Wazulu wanasema imvula, Wachewa mvula, Wanyarwanda imvura, Wakikuyu mbura. Wanafunzi wako wa Kisukuma wanasema mbula nyumbani kila siku. Sisi wa pwani tuliidondosha ile "l" katikati, kama tulivyoidondosha kwenye fungula ikawa fungua. Ukienda Lubumbashi utawakuta wasemaji wa Kiswahili ambao bado wanasema mvula.

Huenda mwenzako akaleta hoja nyingine, na hiyo ni nzito zaidi. Mimi nimekulia Muheza, ambako mvua ni mbili kwa mwaka. Kuna za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na za masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mtu wa Muheza akihesabu mvua themanini, si atakuwa na miaka arobaini tu?

Jibu liko kwenye kauli za wazee wa pwani wenyewe. Zile mvua kubwa za masika waliziita mvua ya mwaka. Vuli ikabaki vuli, na mvua chache za katikati ya mwaka zikaitwa mchoo. Vuli inaweza kukudanganya: mwaka huu ije, mwaka ujao isije kabisa, na mkulima akaendelea kuishi. Masika yakikosekana, mwaka wenyewe umeharibika. Kwa hiyo anayehesabu maisha kwa mvua anaihesabu ile iliyobeba jina la mwaka. Na kule Dodoma na Singida hoja hii haina hata nafasi, kwa sababu wao wana mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au zaidi kidogo. Msimu ukiisha, mwaka wa mkulima umeisha.

Mfundishe mtoto mahali pa kuitumia, basi. Kwenye insha, shairi, hadithi au anapomtambulisha babu yake mbele ya watu, mvua themanini inapendeza. Kwenye fomu ya NIDA aandike miaka.

Mwalimu, bibi yetu husema "mvua yanya". Tulipokuwa Dar es Salaam watoto wa shangazi walicheka mpaka bibi akanyamaza mchana kutwa. Alikosea? (Mjukuu, Pangani)

Hakukosea hata kidogo, na nenda ukamwambie hivyo leo. Kunya ndilo neno mama, nyesha limezaliwa nalo, kama lisha lilivyotoka kwenye la na nywesha likatoka kwenye nywa. Zamani mawingu yalikunya mvua na hakuna aliyeinamisha uso. Maana ya chooni ilipozidi kulishika neno, watu wakaona haya, wakakimbilia nyesha. Wazee wa pwani wengi hawakuona sababu ya kukimbia.

Hao watoto wa shangazi kila wanaposema "inanyesha" wanatamka neno la bibi na kiambishi juu yake. Wamwombe radhi.

Kuna tofauti gani kati ya mvua inayonyesha na mvua wa "mvua samaki"? Je, ni neno moja? (Msomaji, Kilwa)

Ni maneno mawili yaliyokutana kwenye sauti. La pili ni kitenzi vua kilichopewa m- ya mtu, yaani mtu anayevua, na wingi wake ni wavua samaki. Sikiliza viambishi tu: mvua huyu amelowa, mvua hii imenyesha. Siku hizi mvuvi ndilo linalotumika zaidi, ila mvua samaki bado ni sahihi. Tena anayekuvua koti naye ni mvua koti.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo husema mvua kubwa ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Mimi mama wa nyumbani milimita hizo nitazijuaje? (Mama wa watoto wanne, Kimara)

Swali lako si la lugha, lakini nalijibu kwa furaha, kwa sababu tangazo lisiloeleweka haliokoi mtu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo milimita 50 ni lita 50 kwenye eneo la sakafu lisilozidi meza ya kulia chakula.

Sasa pima nyumba yako. Ikiwa paa limefunika eneo la mita 8 kwa 5, hizo ni mita za mraba 40. Zidisha mara 50, unapata lita 2,000 zinazoshuka kwenye bati lako kwa siku moja. Sehemu ndogo itaruka nje ya gata, nyingine itabaki kwenye bati, lakini tangi la lita 1,000 litajaa na kumwagika. Jirani zako wote nao mabati yao yanashusha kiasi hicho, na Kimara ni mlima: maji yote yanaelekea bondeni. Ukisikia tangazo hilo, safisha gata na mtaro mapema, mvua ya mwanzo iache ioshe bati, kisha ndipo ukinge. Watoto wasivuke korongo, hata kama maji yanaonekana ya magotini.