Ule Mpira Unaozama: Topspini kwa Wachezaji wa Pikoboli Pwani

Tangu nishinde ile fainali ya Jumapili, simu yangu haitulii. Ujumbe ulionigusa zaidi umetoka kwa dada mmoja wa Mambrui: "Kaka, ule mpira wako unapita juu ya wavu mtu akidhani unatoka nje, halafu unazama ndani ya mstari. Unaupigaje? Mimi nikitia nguvu tu, unaenda kuokotwa barabarani." Dada yangu, hiyo ni topspini, mpira unaopigwa ukazunguka kwenda mbele, na leo natoa yote niliyo nayo.

Pikoboli, mchezo wa kurushiana mpira juu ya wavu kwa vibao, hapa Malindi niliijua kupitia mzee mmoja Mwitaliano aliyekuja na vibao na mipira kwenye mfuko wa nailoni. Tulicheza kwenye saruji iliyokuwa na mistari ya badminton, wala hatukupima upya, maana uwanja ni ule ule wa badminton ya wawili wawili: mita 13.4 kwa 6.1. Hata waliouanzisha mchezo huu mwaka 1965 huko Bainbridge Island, Marekani, walianzia kwenye uwanja wa badminton. Tuliteremsha wavu hadi sentimita 86 katikati, kazi ikaanza.

Wakati wa kaskazi kila mtu alitaka kucheza pamoja nami. Kusi ilipoingia, mwenzangu wa pea akaniacha. Hakuniambia mwenyewe. Nilisikia barazani kwamba amepata mtu "anayejua kuuweka mpira ndani". Liliniuma, na hata leo nikimwona pale uwanjani bado linaniuma. Mpira wenyewe ni plastiki yenye matundu, haufiki gramu 27, na upepo wa Julai ukipanda kutoka upande wa ufuo wa Silversands unauchukua utakako. Wengine wote walikubali kucheza mchezo wa kubembeleza, wakisubiri mtu akosee. Mimi nilitaka kupiga, na kupiga kwa nguvu.

Basi nikahamia ukutani, jioni baada ya jioni. Nilipaka nusu ya mpira wino mweusi ili nione unavyozunguka. Ukipigwa flati, yaani bila kuzungushwa, ile nusu nyeusi unaiona ikiyumba hewani. Ukipigwa kwa topspini, weusi na manjano vinachanganyika, mpira wote unakuwa rangi moja ya matope. Nilipoiona rangi ile mara ya kwanza nilipiga kelele peke yangu.

Siri yake ni hewa. Mpira unaozunguka kwenda mbele, sehemu yake ya juu inapingana na hewa na ya chini inakwenda nayo, kwa hiyo hewa inausukuma chini. Ndiyo maana unaweza kuuchapa kwa nguvu na bado ukatua ndani.

Sasa mkono. Kibao hakina nyuzi kama raketi ya tenisi, mpira hauketi juu yake hata kidogo. Wale wanaokunja kiganja ili waufunike mpira wanachelewa, mpira umeshaondoka. Kinachozungusha ni njia ya kibao: kianzie chini ya mpira, kiuguse mbele ya nyonga, kimalizie juu ya bega la pili. Uso wake uinamie chini kidogo sana. Anza kwa kupinda magoti, kwa sababu nguvu ya kupanda inatoka miguuni, na vidole vilegee. Bekihendi, lile pigo la upande wa pili wa mwili, ni kama unavyoinua pazia la mlango kwa mgongo wa mkono. Nasema tena: kutoka chini kwenda juu, miguu kwanza.

Sevu, pigo la kuanzisha mchezo, nayo inakubali topspini vizuri, kwa sababu ukiupiga mpira kabla haujadunda sheria inataka mkono uwe unapanda na mpira ugongwe chini ya kiuno. Ila usiuzungushe kwa vidole wakati wa kuuachia. Hilo lilipigwa marufuku mwaka 2023.

Jumapili yule mwenzangu aliyeniacha alikuwa ng'ambo ya wavu. Tukiwa 10 kwa 8, akasogea hadi mstari wa jikoni, zile mita mbili na kitu kutoka wavuni ambamo huruhusiwi kupiga voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda, akijua nitaurudisha polepole kama wenzangu. Nikapinda magoti. Mpira ulipita juu ya wavu kiasi cha kiganja ukamzamia kwenye vidole vya miguu. Alichofanya ni kuutazama tu. Nilistahili ushindi ule, na nausema bila haya.

Kwa hiyo vijana wenzangu, msikubali kuambiwa mchezo huu ni wa kubembeleza mpaka mwisho. Anayekuambia hivyo mara nyingi amechoka kujifunza. Jifunze kuubembeleza, ndiyo, kwa sababu mpira ulio chini kabisa karibu na wavu hauna nafasi ya topspini. Lakini ukipanda hadi usawa wa paja, uuchape bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na msiusahau upepo, maana wengi wanafunzwa na video zilizopigwa ndani ya kumbi. Ukikuvumia usoni, mzunguko unazidi nguvu na mpira unazama mapema, kwa hiyo lenga juu zaidi ya wavu au utaujaza wavu mipira. Ukikusukuma mgongoni, mpira unachelewa kushuka: lenga chini, uongeze mzunguko, upunguze nguvu. Mkibadilishana upande, lengo lako nalo libadilike. Uwe Malindi, Watamu au Lamu, kabla ya sevu ya kwanza inua macho uangalie makuti ya minazi yamelalia wapi.