Maswali Yenu: Kitufe cha AI kipo, mbona hakifanyi kitu?

Barua nyingi safari hii ni za waediti video. Kila mtu kasikia kwamba programu yake inaweza kuongezewa AI, subtaito zijiandike zenyewe, bakgraundi itoke bila kitambaa cha kijani, basi watu wamebonyeza wee mpaka wamechoka. Nimechukua barua chache zinazofanana na za wengi.

Shikamoo fundi. Nina laptopu ya RAM 8, haina kadi ya picha ya maana, natumia Kdenlive, programu ya kuediti video, kwenye Windows. Niliingia kwenye mipangilio, kwenye plagini (vile viongezi vya programu), nikataka kuweka Whisper iniandikie subtaito. Ikasema haioni Python, ile lugha ya kuandikia programu. Nikainstoli Python, bado haioni. Nikaitoa nikairudisha, safari hii ikaiona, ikaanza kudaunlodi, baada ya muda nikaona haisogei nikafunga kila kitu. Sasa kila nikifungua inalalamika kuna vitu vimekosekana. Nifanyeje?

Marahaba. Pole, ila hapo hujaharibu kitu.

Whisper siyo ya Kdenlive. Ni modeli ya OpenAI, waliiachia bure Septemba 2022, na Kdenlive inaiita tu ije ifanye kazi, na inaiita kwa kupitia Python, ndo maana bila Python hakuna kinachoendelea. Ile mara ya kwanza haikuiona kwa sababu ya kiboksi kimoja kidogo, kiko chini kabisa kwenye dirisha la kwanza la kuinstoli Python, kina neno PATH, na chenyewe huwa hakijatikiwa. Watu wanakiruka maana jicho linaenda moja kwa moja kwenye kitufe kikubwa. Nahisi mara ya pili ulikitiki bila kujua. Na jambo lingine, usikimbilie Python iliyotoka juzi juzi, maktaba kubwa za AI huwa zinachelewa kuifuata, chukua ya nyuma yake kidogo ambayo imeshazoeleka.

Sasa hiyo ya "haisogei". Ilikuwa inasogea. Pamoja na Whisper inashuka PyTorch, maktaba ya AI inayoiendesha, na lile ni dude zito, kwa wenye kadi za NVIDIA linaweza kupita GB 2, na wakati linashuka dirisha linakaa kimya kama limekufa. Ukifunga katikati unabaki na usanidi nusu, ndo hayo malalamiko unayoyaona. Rudi kwenye mipangilio ileile, futa hayo mazingira ya Python ambayo Kdenlive ilijitengenezea, usijaribu kuyaziba viraka, halafu anza upya ukiwa na intaneti ya kutulia na uiache. Nenda kafue nguo.

Ikiisha utaulizwa modeli. Hapa ndo watu wanapojiumiza. Zipo tiny, base, small, medium, large, na turbo, na kila mtu anataka large kwa sababu jina linavutia. Faili la tiny ni kama MB 72, small ni kama MB 460, large inakaribia GB 3. Lakini siyo diski tu, waliotengeneza wenyewe wanasema tiny na base zinataka kama GB 1 ya memori ya kadi, small GB 2, medium GB 5, large kama GB 10. Wewe kadi huna, kwa hiyo prosesa ndo itabeba mzigo. Mimi niliwahi kuipa large mahojiano marefu kwenye mashine isiyo na kadi nikaenda kulala, asubuhi nimeamka feni bado inalia na kazi haijafika nusu. Anza na base kwenye kipande cha dakika 1, ukiona inakwenda panda small, hapo tulia. Ukikutana na ujumbe wa FP16 kwamba haikubaliki kwenye CPU (ndo hiyo prosesa) na itatumia FP32, hilo siyo kosa, inakuambia tu kwamba itahesabu kwa njia ya polepole. Endelea.

Mambo fundi! Mimi yangu imeinstoli vizuri tu, lakini nimeweka video ya Kiswahili mwanzo mwisho, subtaito zimetoka Kiingereza. Halafu mwishoni ambapo ni muziki mtupu imeandika maneno ambayo hakuna mtu kayasema!! Imerogwa?

Poa. Haijarogwa haha. Angalia kama hujatiki kiboksi cha kutafsiri, Whisper ikitafsiri inatafsiri kwenda Kiingereza tu, hakuna lugha nyingine. Kama hakijatikiwa basi umeacha ijitambulie lugha yenyewe, na yenyewe inasikiliza sekunde 30 za mwanzo tu ndo inaamua. Sasa kama video yako inaanza na wimbo wa Kiingereza na nembo inayozunguka, ishaamua, na hata ukiongea Kiswahili cha namna gani baada ya hapo haikusikii. Chagua Kiswahili kwa mkono, kimo kwenye orodha.

Hayo maneno ya kwenye muziki ni ugonjwa wake unaojulikana, ikikosa mtu wa kumsikiliza inabuni. Usiipe taimlaini nzima, chagua sehemu zenye mtu anaongea. Na kwa Kiswahili chetu usitarajie ipatie kama Kiingereza, ilikula Kiingereza kingi mno kuliko lugha nyingine zote. Majina ya watu ndo inayachinja kabisa, yapitie moja moja kabla hujarenda, yaani kabla hujatoa video iliyokamilika.

Habari za kazi. Nimedaunlodi plagini ya AI ya kusafisha chenga za picha, inaishia na .ofx.bundle, naiburuta kwenye taimlaini ya programu yangu ya kuediti, DaVinci Resolve, haikubali. Pia Magic Mask, ile ya kumtenga mtu na bakgraundi, kwangu inaniambia ninunue, hakuna plagini ya kuifungua?

Salama. OFX ni aina ya plagini, haiburutwi kwenye taimlaini. Funga Resolve kwanza, kisha hilo bando lote kama lilivyo, usilifungue ukachomoa faili la ndani, liweke kwenye C:\Program Files\Common Files\OFX\Plugins kama ni Windows, au /Library/OFX/Plugins kama ni Mac. Linux ni /usr/OFX/Plugins. Folda kama haipo itengeneze. Ukifungua tena Resolve itaikagua na utaikuta upande wa efekti.

Magic Mask ni ya toleo la Studio, la kulipia. Hakuna kitu kilichokosekana kwenye mashine yako, kwa hiyo hakuna cha kuinstoli. Kama shida yako ni kumtoa mtu kwenye bakgraundi bila kulipa, Kdenlive kuanzia 25.04 ina plagini inayotumia SAM 2, modeli ya Meta ya mwaka 2024, unambonyeza mtu kwenye fremu moja inamfuata kwenye zingine. Masharti ni yaleyale ya barua ya kwanza, Python, subira, na hapa kadi ya picha inahitajika kweli kweli siyo mapambo.

Rafiki kanitumia plagini ya AI iliyokrakiwa, maelekezo yanasema nizime antivirasi kwanza. Ni kawaida eti?

Kwa aliyeitengeneza ni kawaida, anataka aingie bila kubisha hodi. Plagini inaendeshwa na ruhusa zako zilezile, inaona nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza. Futa. Na kama ulishaifungua, badilisha nywila zako leo, ila kwenye kifaa kingine.

Video zangu ni za wateja, nyingine za siri. Nikitumia hizi AI, sauti zao zinatumwa wapi?

Inategemea plagini. Zile zinazokudai akaunti na krediti kabla ya kufanya lolote, mara nyingi zinapeleka faili kwenye seva zao, soma masharti kabla hujampelekea mteja wako matatizo. Whisper ya ndani ya Kdenlive ikishadaunlodi modeli inafanya kila kitu hapohapo kwenye mashine. Usiniamini mimi, zima waifai, kata kipande cha sekunde 20, bonyeza uone kama maneno yanatoka.