Jibu: Ratiba ya kiwanda cha minofu imenishinda

Habari ndugu. Nimekuelewa: una oda nane za minofu ya sangara, meza za kukatia, friza, kufungasha, na lori la kutoka Mwanza jioni, na unataka kuvipanga vyote kwa pamoja. Ndiyo maana unakwama. Oda nane kwenye mashine moja tu zina mipangilio 40,320.

Kwanza kaangalie foleni inajaa wapi. Nilipokuwa kiwandani huku Ilemela ilikuwa kwenye friza: kreti za minofu zimebanana mlangoni, barafu inayeyuka, wafungashaji wamekaa tu. Kama na kwenu ni hivyo, panga friza peke yake, kisha rudi nyuma uone meza zianze saa ngapi ili kuilisha. Kufungasha kutafuata.

Kwa meza na friza, kanuni ya Johnson ya mwaka 1954, ya kupanga kazi zinazopita hatua mbili moja baada ya nyingine, inasaidia sana: oda zenye muda mfupi mezani lakini mrefu kwenye friza zitangulie, zilizo kinyume chake zije mwisho.

Muda wa friza yenu siujui, upime mwenyewe kwa saa. Na boti za visiwani zikichelewa, panga upya friza tu, usifumue ratiba nzima.