Maswali na majibu: Nani aingie kwenye noti zetu?

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba Uganda haina haja ya kuweka sura ya mtu yeyote kwenye noti zake, na nikaongeza kwamba anayetaka kuiweka alete kwanza kanuni, jina baadaye. Barua zimemiminika. Nyingi zinarudia jambo lilelile, nyingine ni matusi, na hayo nimeyaacha. Hizi ndizo nilizochagua.

*Mwalimu, ni kweli noti mpya ya laki moja yenye picha ya Rais inatoka mwezi ujao? Nimetumiwa kwenye WhatsApp.* (Msomaji, Mbale)

Si kweli. Noti kubwa kuliko zote nchini ni ya elfu hamsini. Hii ni mara ya nne kulijibu swali hili na sitalijibu tena. Katiba imeipa Benki Kuu peke yake mamlaka ya kutoa pesa ya nchi hii, na noti mpya ikija Benki itaitangaza yenyewe, hadharani, pamoja na maelezo ya kuitambua. Noti zilizobadilika mwaka 2010 zilitangazwa hivyo. Na usiwatumie wenzako picha ile. Yuko mama anayeuza nyanya barabarani ambaye kesho atapewa karatasi ya rangi na kuambiwa ndiyo noti mpya, naye ataipokea kwa sababu aliiona kwenye simu yako.

*Watanzania wamemweka Nyerere kwenye noti ya elfu moja. Wakenya wana Kenyatta. Sisi tunaweka samaki na ng'ombe. Kwani hatuna mashujaa?* (Bwana mmoja, Busia)

Ndugu yangu, wewe unaishi mpakani na unashika pesa za nchi mbili kila siku. Itazame vizuri hiyo ya Kenya. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 231, inasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Noti walizozindua Juni 2019 zina jengo la mikutano la KICC lililoko Nairobi, na kwa sababu sanamu ya Mzee Kenyatta imesimama mbele ya jengo hilo, walifikishana mahakamani kubishana kama ile nayo ni picha ya mtu. Wakenya walijaribu sura za marais kwa miaka mingi, wakachoka, wakaandika marufuku ndani ya Katiba. Hilo ndilo la kujifunza kwa jirani.

Halafu unasema sisi hatujawahi. Tumewahi, tena mara mbili, na hapa ndipo huwa napandwa na hasira, maana vijana wetu hawafundishwi.

Kabla ya uhuru tulitumia pesa ya Afrika Mashariki yenye sura za wafalme wa Uingereza, na mwishoni Malkia Elizabeth. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Agosti 1966. Ukumbuke mwaka ule: Mei jeshi lilivamia ikulu ya Kabaka kule Mengo, na Kabaka mwenyewe, Rais wetu wa kwanza, Sir Edward Mutesa, akakimbilia uhamishoni. Miezi mitatu tu baadaye noti zetu za kwanza zikatoka, na hazikuwa na sura ya Mutesa wala ya Obote, waziri mkuu aliyeushika urais wake. Nchi ilikuwa imepasuka katikati, lakini pesa haikumtaja mtu.

Mwaka 1973 zikaja noti zenye picha ya Idi Amin. Alipopinduliwa Aprili 1979, noti zile hazingeweza kubaki. Zilizofuata zilikuwa na picha ya jengo la Benki Kuu, jengo tu. Miaka michache baadaye Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, akawekwa kwenye noti naye. Julai 1985 akapinduliwa, na nembo ya taifa ikarudi mahali pa sura yake.

Bibi yangu aliuza samaki Masese, Jinja. Hakuwa na akaunti. Pesa zake zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa kamba ya katani, nalo kopo limefukiwa chini ya jiko. Noti za Amin zilipofutwa alikuwa kitandani na homa, na alipopata nguvu ya kutembea, muda wa kubadilisha ulikuwa umekwisha. Nimelishika kopo lile kwa mikono yangu. Noti zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, zina harufu ya moshi na ya mukene, wale dagaa wetu, na uso wa yule mtu ukakutazama kutoka kila moja. Bibi hakuwahi kumpenda wala kumpigia makofi, lakini aliyelipa siku sura ile ilipong'olewa ni yeye.

Nitasema ukweli wote: badiliko jingine la pesa, la Mei 1987, halikuletwa na sura ya mtu. Lililetwa na bei zilizopanda mpaka shilingi ikakosa maana. Shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na asilimia 30 ikakatwa papo hapo, kwa hiyo aliyepeleka elfu kumi alirudi na sabini. Hilo lilikuwa la uchumi. La 1979 lilikuwa la sura, na la namna hiyo tunaweza kulizuia kwa kutoweka sura.

Mashujaa tunao. Shule zipo, barabara zipo, hospitali zipo. Waandike huko.

*Ninazo noti tatu za Amin. Zinauzwa bei gani?* (Wasomaji watano, miji mbalimbali)

Dukani, sifuri. Kwa wakusanyaji wa pesa za kale, bei inategemea hali ya noti na mwaka wake, na noti iliyochakaa haina soko. Mtu akikuahidi mamilioni halafu akataka umtumie kwanza "ada ya usajili" kwa simu, huyo ni mwizi. Mzuie na uwaonye majirani.

*Yule mtu mwenye kilemba cha manyoya kwenye noti zetu ni nani? Babu yangu anasema ni chifu fulani.* (Mwanafunzi, Soroti)

Si chifu, na hana jina. Ni mchoro wa mwanamume wa Kikaramoja na pambo lake la kichwani, na yuko kwenye noti zote sita za mwaka 2010, pamoja na ramani ya nchi, michoro ya mikeka na Mnara wa Uhuru.

Umenipa nafasi ya kusema jambo linaloniuma. Kampala tunamtembeza Mkaramoja mfukoni kila siku. Tunamkunja, tunamhesabu, tunampokea kwa mikono miwili. Kisha taa nyekundu ikiwaka tunakutana na mtoto wa Kikaramoja amenyoosha kiganja, na tunapandisha kioo cha gari. Nimeshuhudia kondakta wa teksi akimfukuza mama wa Kikaramoja na mwanawe mlangoni huku mkono wake wa kushoto umeshika bunda la noti zilizokunjwa kati ya vidole, na sura ile ikiwa juu kabisa. Kumchora mtu kwenye pesa hakujawahi kumpa heshima ambayo watu hawako tayari kumpa barabarani. Ndiyo maana siamini wanaosema shujaa akiwekwa kwenye noti "atakumbukwa".

Na huo mnara pia muutazame. Mama amesimama, mwili umefungwa vitambaa, amemnyanyua mtoto juu ya kichwa chake. Aliuchonga Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere, na umesimama katikati ya Kampala tangu 1962. Yule mama hana kabila. Hakuna anayeweza kusema ni wetu sisi si wenu ninyi.

*Tuanze na Omukama Kabalega, mfalme wetu wa Bunyoro. Alipigana na Waingereza miaka mingi, na serikali imeshamtangaza shujaa wa taifa. Nani atapinga?* (Mzee mmoja, Hoima)

Mzee wangu, shikamoo. Kwa ushujaa wa Kabalega huwezi kubishana nami. Alikamatwa Aprili 1899 akiwa pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda, risasi ikamharibu mkono, akapelekwa Ushelisheli. Aliporuhusiwa kurudi, mwaka 1923, alifia Jinja kabla ya kuikanyaga Bunyoro. Nikiyasoma hayo moyo unanilegea.

Lakini uniruhusu nikuulize kwa heshima. Utamweka kwenye noti ipi? Ukimweka kwenye ya elfu hamsini, Kabaka atakaa kwenye ipi? Rwot Awich wa Payera kule Acholi je, na Omugabe wa Ankole, na Kyabazinga wa Busoga? Noti zina ngazi, na hili watu hawalifikirii mpaka ugomvi uanze. Ya elfu moja hupita mikono mia kwa siku, inalowa jasho, inachanika, inafungwa kwenye kona ya kanga. Ya elfu hamsini maskini huiona kwa nadra. Aliye kwenye ndogo ataambiwa amedharauliwa, na aliye kwenye kubwa ataambiwa amependelewa. Sudan Kusini waliliepuka kwa kumweka John Garang kwenye noti zote za pauni, na Afrika Kusini kwa kumweka Mandela zote. Sisi hatuna mtu mmoja ambaye Gulu, Mengo, Hoima na Mbarara wote wangemkubali bila kununa. Kusema hivyo si kuitukana nchi. Mwaka 1964 ilitubidi kupiga kura kuamua Buyaga na Bugangaizi ziwe za Buganda au zirudi Bunyoro, na wewe mzee unajua jeraha lile lilivyokwenda.

Na usisahau kwamba Kabalega naye aliwapiga majirani. Wajukuu wao wapo, na watakuandikia.

*Je, si kweli kwamba noti yenye uso wa mtu ni ngumu zaidi kughushi?* (Mhasibu, Kampala)

Ni kweli kwa kiasi. Jicho la binadamu linazijua nyuso mno, na kosa dogo kwenye pua au jicho linaonekana haraka kuliko kosa kwenye mlima. Wachapaji wanalijua hilo tangu zamani. Lakini kwetu kazi hiyo anaifanya korongo: inua noti kwenye mwanga, kichwa chake chenye taji kitajitokeza ndani ya karatasi. Papasa maandishi, yana mkwaruzo. Tafuta uzi. Wengi wanaodanganywa kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala, hawakudanganywa kwa kukosa sura ya mtu, walidanganywa kwa kuhesabu haraka jioni bila kuinua hata noti moja.

*Mbona kila mnapotaja mashujaa ni wanaume watupu?* (Dada wa Gulu)

Una haki, na kosa hilo ni langu pia. Malawi wamemweka Rose Chibambo kwenye noti ya kwacha mia mbili, na mpango wao haukuporomoka. Uingereza walitangaza mwaka 2013 kumwondoa Elizabeth Fry kwenye pauni tano na kumweka Churchill, wanawake wakapiga kelele kwamba ukimwacha Malkia hapatabaki mwanamke hata mmoja, na mwaka 2017 Jane Austen akatoka kwenye pauni kumi. Kwetu, atakayeleta orodha bila Sarah Ntiro, aliyesoma Oxford wakati wasichana wengi hawakuruhusiwa hata kumaliza shule ya msingi, au bila Muhumuza aliyewasumbua wakoloni kule Kigezi, orodha hiyo sitaisoma.

*Acha kuzunguka. Wewe mwenyewe ungemweka nani?* (Msomaji, Arua)

Kanuni kwanza, na mnisikie vizuri. Asiwe hai. Marekani walijifunza hili kwa aibu: afisa mmoja wa idara ya kuchapa pesa, Spencer Clark, alijiweka yeye mwenyewe kwenye noti ya senti tano, na mwaka 1866 Bunge likapiga marufuku sura ya mtu aliye hai. Pili, asiwe mtawala, yaani asiwe rais, mfalme, waziri mkuu wala jenerali. Tatu, wananchi wapendekeze majina hadharani na orodha yote ichapishwe. Uingereza walipotafuta mwanasayansi wa noti ya pauni hamsini, orodha ya waliofaa ilifika majina 989 kabla ya kumchagua Alan Turing, na kila mtu aliweza kuisoma. Nne, ipite miaka ishirini tangu afe, hasira na machozi vipoe.

Ukinibana kwa kanuni hizo, namtaja Daktari Matthew Lukwiya. Mwaka 2000 alikuwa Makerere akisoma afya ya jamii alipopigiwa simu kwamba wauguzi wa hospitali yake ya Lacor, Gulu, wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana. Akarudi. Akazipitia kumbukumbu za wagonjwa usiku kucha, akatambua ni homa ya kutoka damu, akaanzisha wodi ya kuwatenga wagonjwa kabla hata maabara haijathibitisha Ebola. Wauguzi walipotaka kuondoka kwa hofu alibaki nao. Desemba 5 mwaka ule alifariki kwa ugonjwa huohuo, na amezikwa palepale Lacor, karibu na kaburi la Daktari Lucille Teasdale, mpasuaji aliyeitumikia hospitali hiyo miaka mingi.

Ni Mwacholi, najua mtaniandikia hivyo. Waliolala kwenye ile wodi hawakumuuliza.

*Kwenye noti zetu kuna Kiswahili?* (Mwanafunzi, Bombo)

Kipo. Ni lugha rasmi ya pili tangu Katiba irekebishwe mwaka 2005, na noti za 2010 zina jina la Benki Kuu ya Uganda na thamani yake kwa Kiswahili. Mwombe mama akuazime ya elfu kumi, uisome, kisha umrudishie.