Vidole Vikiuma, Likague Gitaa Kwanza

Wanaokuja kwangu kujifunza gitaa la roki wengi hukata tamaa mapema, na kisa ni vidole. Vinauma, vinachubuka, mtu anaamua kwamba hakuumbiwa gitaa. Hapo huwasimulia habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza.

Iommi alikuwa na miaka 17, kibarua wa kiwanda cha mabati mjini Birmingham, Uingereza. Alishapata bendi ya kwenda kupiga nayo Ulaya bara, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kazini. Mchana alirudi nyumbani kula, akataka abaki hukohuko. Mama yake akamwambia aende akaimalize siku yake. (Mama ni mama, hata Birmingham.) Mwenzake hakufika kazini, hivyo akawekwa kwenye mashine asiyoizoea, ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete. Ni za mkono wa kulia, na Iommi ana shoto: mkono huo ndio wa kubania nyuzi.

Akaambiwa asahau gitaa. Msimamizi wake akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye baada ya kuungua moto mwaka 1928 alikuwa akipiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole mfano wa kastabini, akavibandika ngozi visiteleze. Nyuzi nyembamba za gitaa hazikupatikana wakati huo, akafunga za banjo. Baadaye, katika albamu ya Master of Reality ya 1971, akashusha tyuni nusu toni tatu. Nyuzi zikalegea, sauti ikawa nzito, na bendi za roki nzito ya metali (heavy metal) zinaiga uzito huo hadi leo.

Kwa hiyo usiulaumu mkono kabla hujalikagua gitaa. Magitaa mengi ya bei nafuu huja nyuzi zikiwa zimeinuka mno juu ya shingo ya gitaa. Mpelekee fundi azishushe. Kwa gitaa la umeme funga seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009, na ukitaka, shusha tyuni nusu toni. Mimi napiga hotelini na nyuzi hizohizo, na hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza unene wake. Watakaokwambia sauti nzito inataka nyuzi nene, waulize ya Iommi imetoka wapi. Ila tofautisha: ncha kuchubuka kutapita, lakini kiwiko au kifundo cha mkono kikiuma, weka gitaa chini upumzike.

Na pesa za studio msiziharakishe. Albamu ya kwanza ya Sabbath ilirekodiwa karibu yote kwa siku moja, Oktoba 1969, kwa kuwa nyimbo zilishaiva jukwaani. Walikuwa wakipiga awamu kadhaa kwa siku kwenye kumbi za Ulaya. Studio inayotoza kwa saa si mahali pa kutafutia kiitikio. Pigeni baa, harusini, popote watakapowakubali, mpaka mpiga ngoma ajue wimbo unaishia wapi bila kumtazama mtu.